Tarehe za mgonjwa: niliyojifunza katika kuwapa rufaa wagonjwa wa MS mkoani Dodoma

Katika hospitali ya wilaya ninayofanyia kazi, hapa mkoani Dodoma, rufaa nyingi tunazoandika ni za matatizo yanayojieleza yenyewe: mama mwenye kifafa cha mimba, kijana aliyevunjika paja katika ajali ya bodaboda, mtoto aliyepungukiwa sana damu. Anayempokea mgonjwa wa namna hiyo huliona tatizo hata kama barua iliandikwa kwa haraka. Mgonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kwa kifupi tunauita MS, hayumo katika kundi hilo. Mara nyingi siku anayofika kwa daktari bingwa anatembea mwenyewe, anaona na kuzungumza vizuri, kwa kuwa kile kilichotufanya tumtume kimekwisha kutulia. Akifika na barua yenye maneno mawili tu, "miguu dhaifu", bingwa hana pa kuanzia, na mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na vidonge vya vitamini. Kwa muda niliokaa katika kazi hii nimeamini kwamba kinachomfikisha mgonjwa huyu kwenye utambuzi sahihi ni mpangilio wa tarehe zake, na kwamba kuutafuta mpangilio huo ni wajibu wetu sisi tulio karibu na nyumbani kwake.

Sababu iko katika ugonjwa wenyewe. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mailini, yaani utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya macho. Pale utando huo unapoharibika, taarifa kutoka kwenye ubongo huchelewa au hazifiki kabisa. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mjini Paris mwaka 1868, na mpaka leo hakuna kipimo cha damu ambacho kikitoka kinatosha peke yake kusema kwamba mtu huyu ana MS. Vigezo vinavyotumika duniani, ambavyo hujulikana kwa jina la daktari McDonald na vilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, vimejengwa juu ya wazo kwamba ugonjwa umeshambulia zaidi ya sehemu moja ya mfumo wa fahamu, na kwa nyakati tofauti. Picha ya MRI na kipimo cha maji ya uti wa mgongo husaidia sana kuthibitisha hayo, lakini mwenye kuzijua nyakati ni mgonjwa na jamaa zake. Wengi huanza kuugua wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Ugonjwa huu ni adimu katika nchi zilizo karibu na ikweta ukilinganisha na Ulaya ya kaskazini, na uadimu huo ndio unaofanya jina lake lisitujie upesi akilini tunapokuwa na foleni ndefu nje ya mlango.

Nitamweleza mama mmoja, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike. Alikuwa akifanya kibarua katika mashamba ya zabibu upande wa Hombolo. Asubuhi alipalilia sawa na wenzake. Jua likisogea utosini miguu ilikuwa mizito, jicho moja likaona ukungu, akalazimika kukaa chini ya mti. Jioni, jua likishazama, aliweza kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka nyumbani. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza kliniki, alinieleza kwa uchungu wa miaka mingi: "Daktari mwanangu, huyu kazi ikiisha anapona. Tumemsema mpaka tumechoka." Sentensi ile, aliyoitoa kama shtaka, ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko kipimo chochote nilichoweza kumfanyia siku hiyo. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa aina hii ambao uoni wao ulififia walipojishughulisha na mwili kupata joto, kisha ukarudi walipopumzika. Nyuzi zilizopoteza mailini hushindwa kupitisha taarifa joto la mwili linapopanda hata kidogo. Dodoma ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ni mahali ambapo dalili hiyo itajitokeza sana, na kwa bahati mbaya ni mahali ambapo mtu anayeshindwa kazi mchana na kuiweza jioni huitwa mvivu.

Nilimwomba mama mkwe arudi siku nyingine na madaftari yote ya mgonjwa. Kila anayetibiwa katika vituo vyetu anajua habari ya daftari la kununua dukani, lenye jina la mgonjwa juu ya jalada, ambalo likisahaulika nyumbani linanunuliwa jingine. Yalikuja matatu: moja la kliniki ya macho, moja la zahanati ya kijijini, na moja la kituo cha afya. Katika la kwanza iliandikwa kwamba jicho la kulia halioni vizuri, akapewa dawa ya matone. Katika la pili, ganzi kuanzia kitovuni kushuka chini, akapewa dawa za maumivu ya mgongo. La tatu lilisema uchovu wa miguu. Kila aliyeandika aliona alichokiona na akakitibu. Hakuna aliyekuwa na madaftari mengine mbele yake. Tarehe mbili hazikusomeka, moja kwa sababu ya maji ya mvua na nyingine kwa sababu ya mwandiko wetu sisi wahudumu wa afya, jambo ambalo naomba sote tulichukulie kwa uzito.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia kalenda ambayo watu wanayo vichwani. Kumuuliza mtu, "Jicho lilianza kufifia lini?" huleta jibu la "zamani kidogo." Kumuuliza kwa tukio ambalo nchi nzima inalikumbuka huleta jibu lenye mwezi. Nilimuuliza, "Mama, lile jicho lilisumbua kabla ya sensa au baada ya sensa?" Akajibu bila kusita: "Kabla. Karani alipopita nyumbani nilikuwa nimeshapona, mimi ndiye niliyemsomea majina ya watoto kwenye kadi zao." Sensa ilifanyika Agosti 2022. Kwa wengine nimetumia msiba wa Rais Magufuli wa Machi 2021, au uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020, au tarehe ambayo mtoto wa kwanza alianza darasa la saba. Ile ganzi ilipatiwa tarehe na kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, kwa sababu ilimpata mtoto akiwa na umri wa miezi miwili, na hilo nalo si jambo dogo: katika MS mashambulizi hupungua miezi ya mwisho ya ujauzito na huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Nani angeikumbuka ganzi hiyo kama ugonjwa, wakati kila mtu nyumbani alisema ni uzazi?

Barua niliyoiandika baada ya hapo ilikuwa na mistari ya namna hii. Katikati ya mwaka 2022: jicho la kulia lilififia kwa siku chache, likauma alipolizungusha, likarudi polepole kwa muda wa zaidi ya mwezi. Mwaka uliofuata, miezi miwili baada ya kujifungua: ganzi kutoka kitovuni hadi miguuni, mkojo kushindwa kutoka vizuri, ikaisha yenyewe. Sasa: miguu kukaza na kuwa mizito, zaidi mguu wa kushoto, huzidi wakati wa joto. Akiinamisha kichwa mpaka kidevu kikaguse kifua, husikia shoti ikishuka mgongoni hadi miguuni. Hakuna homa iliyotangulia katika tukio lolote. Nikaweka pia yale niliyoyapima kwa mikono yangu, ikiwa ni pamoja na nguvu ya kila mguu, mpaka wa ganzi mwilini na namna mboni za macho zinavyoitikia mwanga wa tochi. Shambulio, kwa vigezo vya ugonjwa huu, ni dalili inayodumu kwa saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi ya kuielezea, na linalofuata huhesabiwa jipya ikiwa siku 30 angalau zimepita tangu la awali lianze. Kwa hiyo bingwa akisoma muda na kutokuwepo kwa homa, ameshapata nusu ya anachokitafuta.

Kuhusu jicho ninapenda kueleza zaidi, kwa sababu mkoa wetu una historia yake. Kongwa imejulikana tangu miaka ya 1980 kwa tafiti za trakoma, na watu wa huku wamezoea kwamba jicho linaloharibika ni jicho jekundu, lenye usaha, au lenye kope zilizogeukia ndani. Jicho la MS kwa nje ni safi kabisa. Linauma likizungushwa, uoni wake unashuka ndani ya siku kadhaa, na rangi zinapauka kabla ya kitu kingine. Nina kizibo chekundu cha chupa ya dawa ambacho hukaa mezani. Namwomba mgonjwa afunike jicho moja, akitazame, kisha abadilishe jicho. Mtu ambaye mshipa wake wa jicho umewahi kushambuliwa huweza kukuambia kwamba kwa jicho hili ni chekundu na kwa lile kimekuwa kama tofali la zamani, hata kama miaka imepita na anasoma vizuri. Ni kipimo kisicho na gharama, na matokeo yake yanastahili mstari wake katika barua.

Rufaa nzuri vilevile husema ni magonjwa gani tumeshayaondoa. Katika mazingira yetu miguu dhaifu ina sababu nyingi zinazotibika, na itakuwa aibu kumsafirisha mtu mbali kutafuta ugonjwa adimu huku akiwa na kaswende au kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwa hiyo hupima VVU, kaswende, sukari, wingi wa damu na mkojo, na hupiga picha ya kifua na ya mgongo. Huuliza kama mtu anaoga au kuvua samaki katika bwawa, kwa kuwa kichocho huweza kuingia hadi kwenye uti wa mgongo. Huuliza chakula, kwa sababu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huleta konzo, ugonjwa ulioripotiwa mkoani Mara katika miaka ya 1980, ambao hupooza miguu yote miwili kwa ghafla na hauna tabia ya kwenda na kurudi wala kugusa hisia za ngozi. Na kuna hali ambayo haingoji madaftari wala kadi za watoto: mtu ambaye miguu yake imeisha nguvu ndani ya saa au siku chache, mkojo umefunga, na ganzi yake ina mpaka unaoeleweka kifuani au tumboni. Huyo anaweza kuwa na kitu kinachobana uti wa mgongo, na anatakiwa kuondoka siku hiyohiyo.

Upo pia ugonjwa ulio ndugu wa karibu wa MS, ambao kwa watu wenye asili ya Afrika hatupaswi kuusahau, yaani nyuromailitisi optika. Hushambulia macho na uti wa mgongo kwa ukali zaidi, na hutambuliwa kwa kipimo cha damu cha antibodi (chembe za kinga) dhidi ya akwaporini-4, protini inayopitisha maji katika seli za mfumo wa fahamu. Dawa ya interferoni, ambayo imetumika kwa MS tangu mwaka 1993, inaweza kumzidishia mgonjwa wa aina hii. Dalili yake moja hupita mbele yetu bila kutambuliwa: kwikwi na kutapika kusikokoma kwa siku nyingi, ambako hutibiwa kama vidonda vya tumbo mpaka siku macho yanapofunga. Tangu bingwa mmoja aniulize kwa simu, kwa upole, kama mgonjwa wangu amewahi kupata kwikwi ya muda mrefu, swali hilo limo katika kila historia ninayoichukua.

Jambo jingine ni homa. Mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa kuwa na MS akipata malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, dalili zake zote za zamani huamka pamoja, na familia hufika kwa hofu ikisema ugonjwa umerudi. Mara nyingi haujarudi. Joto la mwili limezifunua tu nyuzi zilizoharibika zamani. Apimwe malaria, apimwe mkojo, atibiwe, kisha aangaliwe upya baada ya siku chache. Shambulio la kweli hutibiwa kwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, za kiwango cha juu, kwa kawaida gramu 1 ya methiliprednisoloni ya mshipa kila siku kwa siku 3 hadi 5, nazo huharakisha kupona ingawa hazibadilishi mwendo wa ugonjwa kwa miaka ijayo. Kuzitoa bila kwanza kuchunguza kifua kikuu na maambukizi mengine ni hatari, na kuzitoa kabla ya mazungumzo na bingwa kunaweza kufuta alama ambazo picha ingezionyesha. Simu kwanza, kama mgonjwa hayuko katika hatari ya haraka.

Njia ya mgonjwa kutoka kwetu hupita hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako MRI ipo, na kwa wengine huendelea hadi Muhimbili, kwa kuwa mabingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam. Kila ngazi ina muhuri wake, na mwenye bima akiruka ngazi hukwama dirishani. Nimejifunza kukaa na familia na kuwaeleza hatua hizo kabla hawajauza mbuzi, na kumshirikisha mapema afisa ustawi wa jamii kwa asiye na uwezo, kwa sababu maombi ya msamaha yanayoanza siku ya safari hayafiki mbali. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024 huwashauri wanaoweza kwenda Dar es Salaam waitumie, kwani behewa lenye ubaridi linamfaa mtu huyu kuliko basi la mchana.

Barua zetu huandikwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaozibeba hawaisomi. Kwa hiyo huambatisha ukurasa wa Kiswahili ulio mali ya mgonjwa: tarehe za mashambulizi, majibu ya vipimo, swali tunalomuuliza bingwa, na namba ya simu ya ndugu anayemhudumia. Mume wa yule mama wa mashambani aliusoma ukurasa wake kwa sauti mbele ya mama yake mzazi, palepale kliniki. Kabla ya hapo ndugu walikuwa wamesema amekanyaga kitu kilichotegwa, na fedha zilikuwa zimeshakwenda kwa mganga. Sikubishana nao. Niliwaeleza kwamba ugonjwa huu una jina, unajulikana duniani kote, na hautokani na uvivu wala na mtu, kisha nikamwachia mume asome tena.

Linaloniuma zaidi ni mrejesho. Fomu ya rufaa ina sehemu ya kujazwa na hospitali inayopokea, na mara kadhaa imerudi tupu. Kijana mmoja tuliyemtuma alirejea na bahasha ya picha na jina la dawa lililofupishwa kiasi cha kutosomeka, bila kusema ataipata tena lini wala kwa nani. Matibabu ya MS ni ya miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mgonjwa ataiishi karibu na sisi. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS, ikiwemo rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Rituksimabu hutolewa kwa dripu, mara nyingi kila baada ya miezi 6, mpango unaomfaa mtu anayeishi mbali na bingwa, lakini hushusha kinga, na kabla ya kuianza ni lazima kupimwa homa ya ini ya B na kuchunguzwa kifua kikuu. Vipimo hivyo vinaweza kufanyika wilayani tukijua kwamba vinahitajika.

Mazoezi ya viungo, kufundisha namna ya kutumia mpira wa mkojo, kukagua ngozi iliyokufa ganzi isiungue jikoni wala kupata vidonda, kumsikiliza mtu aliyekata tamaa na kumtibu sonona yake, hayo yote tunayaweza na tunayafanya. Ninachowaomba wenzetu wanaopokea ni mistari michache inayosomeka: ugonjwa mliouthibitisha au mnaoushuku, dawa na kipimo chake, tarehe ya dozi inayofuata, dalili zitakazotufanya tupige simu usiku, na namba ya kupiga. Tukiwa na hayo, mgonjwa wa Chemba au Mpwapwa hatalazimika kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha mkojo.